Sera inamtaka mfamasia apime, aandike dawa na achanje: ni vifungu gani vikikosekana jambo zima linakwama?

MdauWaSera aliandika:

Habari za leo wadau.

Naomba msaada wa wanaoijua kazi hii kwa ndani. Nchi baada ya nchi, sera ya taifa ya afya inamwongezea mfamasia majukumu: apime presha na sukari, arefushe cheti cha dawa cha mgonjwa wa ugonjwa wa kudumu, atibu maradhi madogo bila mtu kupitia kwa daktari, achanje. Sababu zinazotolewa zinafanana. Famasia iko karibu na watu, mtu anaingia bila miadi, na mfamasia aliyesoma dawa kwa miaka mingi anaishia kuhesabu vidonge na kubandika lebo.

Sababu hizo nazikubali. Kinachonisumbua ni jinsi rasimu zinavyoandikwa. Unakuta kifungu kimoja kinasema "wafamasia watashirikishwa kikamilifu katika huduma ya afya ya msingi", basi, kimeisha. Hakisemi atamhudumia mgonjwa yupi, ataishia wapi, nani atamlipa, na dawa ikimdhuru mtu nani atawajibika. Ninaandaa maoni ya maandishi juu ya rasimu ya namna hiyo na nisingependa kupeleka maneno matamu yasiyotekelezeka.

Naomba mnisaidie haya:

1. Jukumu lipi lianze, na kwa nini hilo?
2. Anayeandika dawa akiwa ndiye anayeiuza, mgongano wa maslahi unazuiwaje?
3. Malipo yapangwe vipi?
4. Waliotangulia walikosea wapi?

Vitu vinavyoweza kuingia kwenye kanuni ndivyo ninavyovitafuta: hatua, mipaka, vipimo. Asanteni.

---

Mfamasia_Kaunta alijibu:

Karibu mleta mada. Nianze na swali la kwanza, kwa sababu rasimu nyingi huanza na jukumu gumu kuliko yote.

Anzia kwenye dawa mpya ya ugonjwa wa kudumu. Hapo mfamasia haandiki dawa, kwa hiyo mara nyingi sheria haihitaji kuguswa, na ndipo penye pengo kubwa. Mwaka 2003 Shirika la Afya Duniani lilieleza kwamba hata katika nchi tajiri, wagonjwa wa maradhi ya kudumu wanaofuata matibabu yao ni wastani wa nusu tu. Mtu anaandikiwa dawa ya presha, wiki chache baadaye vifundo vya miguu vinavimba kwa sababu ya amlodipini, au kikohozi kikavu kinamsumbua kwa sababu ya enalaprili. Anaiacha kimya kimya. Akirudi kliniki presha iko juu, daktari anaona dozi haitoshi, anaiongeza. Sasa ana dozi kubwa ya dawa asiyoimeza, na siku akiamua kuimeza yote, anaanguka kwa presha kushuka.

England ilianzisha huduma ya kuzuia hilo Oktoba 2011, na mpangilio wake unaandikika vizuri kwenye kanuni. Siku dawa inapotolewa mara ya kwanza, mfamasia anamweleza mgonjwa huduma, anapata ridhaa na namba ya simu. Baada ya siku 7 hadi 14 wanazungumza. Baada ya siku nyingine 14 hadi 21 wanazungumza tena. Ni hivyo tu. Huduma hiyo ilipimwa kwa jaribio lililogawa wagonjwa kwa bahati nasibu: kufikia wiki ya 10, waliokuwa wakizifuata dawa zao walikuwa asilimia 70.7 kwa waliohudumiwa na asilimia 60.5 kwa wasiohudumiwa. Kwa maongezi mawili mafupi, hilo si jambo dogo.

Kinachoharibu huduma hii ni swali baya. "Unameza dawa vizuri?" jibu lake ni ndiyo, siku zote. Kanuni au mwongozo utaje maswali yenyewe: katika siku 7 zilizopita ni dozi ngapi zilikupita? Tangu uanze, mwilini umeona nini ambacho hakikuwepo? Unaimeza saa ngapi, na nini kingine unachomeza, pamoja na dawa za asili na za maumivu ulizonunua mwenyewe? Hilo la mwisho ndilo linaloibua hatari kubwa. Mtu yuko kwenye enalaprili na dawa ya kukojosha, goti linamuuma, ananunua diklofenaki. Dawa hizo tatu kwa pamoja zinaweza kuziangusha figo, hasa kwa mzee au mtu aliyeharisha na kuishiwa maji. Daktari haioni diklofenaki kwenye faili lake. Anayeiona ni mfamasia.

Jukumu la pili liwe presha. Lakini kipimo kiandikwe kwa hatua, la sivyo tutajaza kliniki watu wasio na presha. Mgonjwa akae dakika 5 bila kuongea, mgongo umeegemea, miguu iwe chini bila kukunja nne, mkono uegemezwe usawa wa moyo. Nusu saa kabla asivute sigara, asinywe kahawa, asifanye mazoezi, na akajisaidie haja ndogo kwanza. Apimwe mara mbili angalau, dakika 1 au 2 katikati, wastani ndio uandikwe. Mkanda wa mashine unaofungwa mkononi uendane na unene wa mkono. Mkanda mdogo kwenye mkono mnene unasoma juu kuliko ukweli, na hilo ndilo kosa la kila siku kwa sababu famasia nyingi zina mkanda wa saizi moja. Kanuni idai saizi tatu na mashine iliyothibitishwa usahihi wake.

140/90 au zaidi: arudiwe siku nyingine au apimwe nyumbani kabla ya kuitwa mgonjwa. 180/120 au zaidi: kama kuna maumivu ya kifua, kubanwa pumzi, kuona ukungu, udhaifu wa upande mmoja au kuchanganyikiwa, hiyo ni dharura, aende hospitali muda huohuo. Bila dalili hizo, rudia kipimo, kisha aonwe na daktari siku hiyohiyo.

Sasa jambo ninalotaka lisikike kuliko yote niliyosema. Kupima bila mamlaka ya kufanya kitu kunaleta faida ndogo sana. Lilifanyika jaribio kwenye saluni 52 za vinyozi huko Los Angeles, Marekani, matokeo yakatoka 2018, kwa wanaume weusi 319 wenye presha ya juu. Kundi moja kinyozi aliwahimiza wabadili mtindo wa maisha na wamwone daktari. Kundi la pili mfamasia alikutana nao palepale kinyozini, akaandika na kurekebisha dawa kwa makubaliano na madaktari wao. Baada ya miezi 6, namba ya juu ya presha ilishuka kwa wastani wa mmHg 9.3 kundi la kwanza na mmHg 27.0 kundi la pili. Kote walipimwa na kuzungumza. Tofauti ni kwamba upande mmoja aliyewaona aliweza kubadili dozi.

---

Tabibu_Kliniki alijibu:

Mchango wa Mfamasia_Kaunta nauunga mkono kwa sehemu kubwa, ila nataka rasimu isiseme "kuandika dawa" kana kwamba ni kitu kimoja. Ni ngazi tatu, na hatari zake hazilingani.

Ngazi ya kwanza ni kurefusha cheti: dawa ileile, dozi ileile, mgonjwa yuleyule aliyetulia. Ya pili ni kutibu kwa itifaki iliyoandikwa: hali zilizotajwa kwa majina, masharti ya kuingia, masharti ya kutoka, dawa na siku zake. Ya tatu ni mfamasia kuamua mwenyewe matibabu ndani ya eneo alilosomea. Uingereza ilizipita taratibu: 2003 mfamasia aliruhusiwa kuandika chini ya mpango aliokubaliana na daktari, 2006 akaruhusiwa kuandika kwa kujitegemea akishafuzu mafunzo ya ziada. Alberta, Kanada, ilifungua mlango 2007, na huko nako uandishi kamili unaombewa idhini ya ziada. Hauji na leseni ya kawaida. Rasimu inayorukia ngazi ya tatu kwa wafamasia wote siku moja itakwama kwenye upinzani wa madaktari, na safari hii madaktari watakuwa na hoja.

Ngazi ya pili ndiyo ningeiandikia kurasa nyingi. England tangu 31 Januari 2024 mfamasia anatibu hali 7: kidonda cha koo, maumivu ya sikio kwa watoto, uvimbe wa sinasi (matundu ya hewa ya usoni), kuumwa na mdudu kulikoingia vijidudu, impetigo (maambukizi ya ngozi), mkanda wa jeshi, na maambukizi mepesi ya njia ya mkojo kwa wanawake wa miaka 16 hadi 64. Tazama jinsi umri na jinsia vilivyofungwa. Mwanaume mwenye dalili za mkojo hayumo, kwa sababu kwake lazima utafute chanzo.

Chukulia hiyo ya mkojo uone itifaki inavyopaswa kusomeka. Dalili tatu zinaulizwa: maumivu wakati wa kukojoa, kuamka usiku kukojoa kulikoanza karibuni, mkojo wenye ukungu. Mbili au zaidi, anaweza kutibiwa: nitrofurantoini miligramu 100 ya kuachia taratibu, mara 2 kwa siku, siku 3. Anatoka kwenye itifaki na kupelekwa kwa daktari akiwa mjamzito, ana homa au kutetemeka, maumivu ya ubavuni, kutapika, amewekewa mrija wa mkojo, au ugonjwa umejirudia mara 2 ndani ya miezi 6 au mara 3 ndani ya mwaka. Mwenye figo dhaifu asipewe dawa hiyo. Mwenye uchafu ukeni unaowasha aulizwe upya, maana huenda si mkojo kabisa. Mwisho aambiwe: ukizidiwa muda wowote, au saa 48 zikipita bila nafuu, nenda ukaonwe.

Dawa ya kwanza itokane na takwimu za nchi yenyewe za usugu wa vijidudu kwa dawa. Kunakili itifaki ya kwingine pamoja na dawa yake ni kosa, hata kama muundo wake ni mzuri.

Na hapa ndipo hofu yangu ilipo: antibayotiki. Kidonda cha koo kingi ni virusi. Mgonjwa amekuja anataka kitu mkononi. Kila antibayotiki iliyomo kwenye itifaki iwekwe kwenye kundi lake kwa mgawanyo wa Shirika la Afya Duniani wa 2017, wenye kundi la kutumika kwanza, kundi la kuangaliwa na kundi la akiba. Famasia isiguse mawili ya mwisho isipokuwa itifaki imetaja dawa kwa jina na sababu. Nchi wanachama wa Umoja wa Mataifa zilikubaliana Septemba 2024 kwamba kufikia 2030 angalau asilimia 70 ya antibayotiki zinazotumika kwa binadamu duniani zitoke kundi la kwanza. Sera ya mfamasia isiyotaja lengo hilo inafanya kazi dhidi ya sera nyingine ya nchi ileile.

Kuhusu mgongano wa maslahi. Kutenganisha mwandishi na mtoaji wa dawa ni jambo la zamani. Mfalme Frederick II wa Sisilia aliliwekea sheria karne ya 13. Korea Kusini ililitekeleza Julai 2000, madaktari wakagoma, kwa sababu walikuwa wakiuza dawa wanazoziandika na sehemu ya kipato chao ilikuwa humo. Kwa hiyo tusidanganyane kwamba tatizo ni la wafamasia peke yao. Yeyote anayepata faida kwa kila pakiti ataandika pakiti nyingi. Ningeandika vifungu hivi:

- Malipo ya ushauri yawe sawasawa, dawa itolewe isitolewe.
- Mgonjwa apewe maandishi na awe huru kuchukua dawa popote.
- Aliyeamua dawa asiwe ndiye anayehakiki pakiti ya mwisho, pakiwepo mtu wa pili.
- Zawadi au bonasi ya mwenye kiwanda au msambazaji kwa wingi wa mauzo ipigwe marufuku kwa dawa zilizomo kwenye itifaki.
- Kila famasia itoe hesabu ya kila mwezi: mashauri mangapi, mangapi yaliishia na antibayotiki, mangapi yalipewa rufaa.

Famasia ambayo kila kidonda cha koo kinaondoka na antibayotiki itajitokeza yenyewe kwenye hesabu hiyo ndani ya robo mwaka.

---

Malipo_na_Bima alijibu:

Swali la 3 na la 4 nayajibu pamoja, kwa kuwa makosa ya waliotangulia mengi yako kwenye malipo.

Mfano unaofundisha kuliko yote ni wa England, 2005 hadi Machi 2021. Mfamasia alilipwa kwa kukaa na mgonjwa na kupitia dawa zake zote. Ili kudhibiti gharama serikali iliweka kikomo cha mapitio 400 kwa famasia moja kwa mwaka. Kikomo kile kikageuka lengo. Wafanyakazi walilalamika hadharani kwamba wanasukumwa kufikisha 400, na rahisi ilikuwa kumkalisha mgonjwa mwenye dawa mbili asiye na tatizo badala ya bibi mwenye dawa kumi na mbili anayehitaji nusu saa. Huduma ikapunguzwa hatua kwa hatua hadi ikafutwa. Wazo lilikuwa zuri. Malipo hayakumtofautisha mgonjwa.

Kwa hiyo: mlengwa aandikwe kwa vigezo kabla ya bei kupangwa. Kwa mapitio ya dawa, kwa mfano, awe anatumia dawa 5 au zaidi kwa muda mrefu, au ametoka hospitali ndani ya wiki 4 zilizopita, au yuko kwenye dawa yenye hatari kubwa kama warfarini, methotreksati, insulini, lithiamu, digoksini. Nje ya hapo hakuna malipo. Ndani ya hapo, mwenye dawa nyingi alipiwe zaidi, maana muda wake ni mrefu zaidi.

Pili, msitegemee malipo kwa kila ushauri peke yake. Famasia inatumia pesa kabla mgonjwa wa kwanza hajaingia: chumba, mashine, mafunzo, muda wa mfamasia. Njia inayofaa ni sehemu mbili, kiasi cha kila mwezi kwa famasia iliyo tayari, na malipo kwa kila huduma. Hata hicho cha kila mwezi mkikifunga kwenye idadi ya chini ya wagonjwa, idadi iwe ndogo mwanzoni na ipande polepole, vinginevyo famasia za maeneo yenye watu wachache zitaikosa kila mwezi na kujitoa. Ndizo mlizozitaka zaidi.

Tatu, rufaa ilipwe kama matibabu. Mfamasia aliyemtambua mwanamke mwenye homa na maumivu ya ubavuni, akamwahisha hospitali, amefanya kazi kubwa kuliko aliyetoa vidonge sita. Usipolipia rufaa unalipia kuchelewesha.

Nne, kosa la kimya: faida ya dawa ikishuka kwa sababu serikali imebana bei, halafu huduma mpya zikaletwa kama fidia, famasia itafanya huduma kwa kujinusuru. Malipo ya kutoa dawa yatoshe gharama za kutoa dawa. Yale ya huduma yasimame pekee.

Dai la malipo liwe na sehemu chache tu, zote za lazima: namba ya mgonjwa, tarehe, kigezo alichoingilia, alichopimwa au kuulizwa, uamuzi (dawa, ushauri, rufaa), na tarehe ya ufuatiliaji. Sehemu 40 zikiwekwa, watu watanakili ya jana.

---

MdauWaSera aliandika:

Nashukuru sana wakuu, hiki ndicho nilichokitafuta. Naomba kuongeza mawili. Famasia nyingi zina mfamasia mmoja tu kwa zamu. Akiingia chumbani na mgonjwa dakika 15, kaunta inabaki na nani? Na cheti kikirefushwa au mtu akitibiwa famasia, daktari wake anajuaje?

---

FundiDawa alijibu:

Hilo la kaunta halimo kwenye rasimu nyingi, na ndilo linaloua huduma wiki ya kwanza.

Kutoa dawa kuna ukaguzi wa aina mbili ambao watu huuchanganya. Wa kwanza ni wa kitabibu: dawa hii inamfaa mtu huyu? Dozi, umri, uzito kwa mtoto, mimba, figo, dawa nyingine, mzio. Huo ni wa mfamasia. Wa pili ni wa usahihi: kilichomo kwenye mfuko ndicho kilichoandikwa? Jina, nguvu ya kidonge, idadi, lebo, tarehe ya mwisho wa matumizi, jina la mgonjwa. Huo unaweza kufanywa na fundi dawa aliyepata mafunzo na cheti cha ukaguzi, mradi si yeye aliyezifungasha. Sheria ikisema ukaguzi wote ni wa mfamasia, umemfunga mguu kaunta na chumba cha ushauri kitabaki stoo ya maboksi.

Kanuni iseme hivi kwa uwazi: mfamasia anaweka alama kwenye cheti baada ya ukaguzi wa kitabibu, na bila alama hiyo fundi hafungashi. Mfamasia akiwa chumbani, vyeti vilivyokwisha kupata alama vinaendelea, vipya vinasubiri, na dawa zenye kudhibitiwa hazitoki. Methotreksati ya vidonge iwe na kanuni yake: inamezwa mara moja kwa wiki, na kosa linaloua ni kuimeza kila siku. Lebo itaje siku kwa jina, "kila Jumatatu", na isitolewe mpaka mgonjwa amerudia kwa mdomo wake siku hiyo.

Mpangilio wa zamu nao uandikwe. Huduma za miadi ziwekwe saa ambazo kaunta imepoa, anayeingia bila miadi aambiwe muda wa kusubiri, na pasiwe na kumgongea mfamasia mlango isipokuwa dharura. Kukatizwa katikati ya kuhesabu au kuhakiki ni chanzo kikubwa cha makosa. Aliyekatizwa aanze upya, asiendelee alipoishia.

Chumba: mlango unaofungwa, viti viwili au zaidi, sinki au kitakasa mikono, maongezi yasisikike nje. Pazia halitoshi. Mtu hatasema ana uchafu ukeni nyuma ya pazia, na itifaki ya Tabibu_Kliniki hapo juu itakuwa imekufa kwa swali ambalo halikujibiwa.

Kama mtaingiza chanjo, ongezeni friji isiyotumika kwa chakula, nyuzi 2 hadi 8, kipimajoto kinachoonyesha cha chini na cha juu, kisomwe na kuandikwa mara 2 kwa siku. Watu wanaogopa joto, kumbe kuganda nako kunaharibu chanjo kama ya homa ya ini B, na kwa macho unaweza usijue. Aliyechanjwa akae dakika 15. Adrenalini iwepo mkononi: kwa mtu mzima miligramu 0.5, yaani mililita 0.5 ya dawa yenye miligramu 1 kwa mililita, msulini nje ya paja, na irudiwe baada ya dakika 5 kama hali haijabadilika. Anayechanja ambaye hawezi kusema dozi hiyo bila kufungua kitabu asianze.

---

Tabibu_Kliniki alijibu:

Fundi, asante, hilo la ukaguzi wa aina mbili sikuwa nimeliona likielezwa wazi hivyo.

Mleta mada, swali lako la pili. Kurefusha cheti kuwe na masharti manne: ugonjwa umetulia, dozi haijabadilika kwa miezi 6, daktari amemwona ndani ya mwaka, na kipimo kinachohusika hakijapitwa na muda. Hilo la nne ndilo la kulitaja dawa kwa dawa. Enalaprili na dawa ya kukojosha: vipimo vya damu vya kreatinini (kinachoonyesha hali ya figo) na potasiamu ndani ya mwaka, mapema zaidi kwa mzee au mwenye figo dhaifu. Metformini, dawa ya kisukari: kipimo cha figo kila mwaka. Warfarini, lithiamu na methotreksati zisirefushwe famasia bila jibu la maabara la karibuni kuwa mbele ya mfamasia. Kipimo kikiwa hakipo, usimwache mtu bila dawa ya presha. Mpe ya kumfikisha kwenye kipimo, wiki 2 hadi 4, na uandike kwamba umefanya hivyo. Kwa zile tatu za mwisho piga simu kliniki siku hiyohiyo.

Kuhusu wajibu: aliyeamua ndiye anayewajibika. Mfamasia akirefusha au akitibu, jina na namba ya leseni viwe vyake, si vya daktari aliyeandika mwanzo, na bima yake ya kitaaluma iwe imetaja huduma hiyo. Bila kifungu hicho daktari atakataa kushirikiana, na mfamasia mwangalifu hatathubutu.

Taarifa imfikie daktari ndani ya siku 2 za kazi, na kwa dharura kwa simu mgonjwa akiwa bado yuko hapo. Penye mfumo wa pamoja wa kumbukumbu, wote wasome na kuandika sehemu moja. Mfamasia anayeandika dawa bila kuona figo za mgonjwa anabahatisha. Pasipo na mfumo, karatasi inatosha, nakala moja kwa mgonjwa, lakini iwe fupi. Barua ya ukurasa mzima haisomwi kliniki yenye watu 60.

---

Mfamasia_Kaunta alijibu:

Nakubaliana na Daktari, ila kwa hilo la "miezi 6 dozi haijabadilika" ningependekeza miezi 3 kwa presha. Mgonjwa aliyeongezewa dozi mwezi wa kwanza na sasa yuko 128/78 ametulia. Miezi 6 itamrudisha kliniki bure. Kwa kisukari miezi 6 ni sawa.

Kwa taarifa, weka muundo kwenye kiambatisho cha kanuni ili kila mmoja asibuni wake. Mistari mitano inatosha:

Nani: jina, umri, namba ya mgonjwa.
Kwa nini alikuja: kurefusha amlodipini miligramu 5.
Nilichokikuta: presha 152/94, wastani wa vipimo viwili, dozi 3 zilimpita wiki hii, anameza diklofenaki aliyonunua kwa ajili ya goti.
Nilichofanya: nimesimamisha diklofenaki, nimempa parasetamoli, nimerefusha amlodipini siku 28.
Ninachoomba: kipimo cha figo, nitampima presha tena baada ya wiki 2 na kukutumia jibu.

Mstari wa mwisho uwe wa lazima. Taarifa isiyoomba kitu wala kutaja nani anafuatilia, daktari ataiona kama tangazo na ataiweka kando. Ongeza pia kifungu kinachomtaka daktari ajibu, hata kwa neno moja, ndani ya siku 5 za kazi, kwa sababu mfamasia naye anahitaji kujua kama figo zilikuwa salama kabla ya kutoa siku 28 nyingine.